Bosi kauliza nani alinifundisha kazi. Nimjibu nini?

Shikamoo Anti,

Nakuandikia saa saba usiku nikiwa nimekaa sakafuni, maana kitandani kalala mdogo wangu na mwanga wa simu unamwamsha. Nina miaka 27, naishi Kihonda hapa Morogoro na mama na wadogo zangu wawili. Wiki nane zilizopita nilipata kazi niliyoililia karibu mwaka mzima. Leo natamani ningeikosa, na kuandika hivyo tu najiona sina shukrani.

Zamani nilikuwa dirishani kwenye taasisi moja ya mikopo midogo hapa mjini. Tawi likafungwa, nikakaa nyumbani miezi kumi na moja nikimsaidia mama biashara yake ya vitumbua. Ndipo nikaomba kazi kwenye kampuni ya Dar es Salaam inayouza vyombo na vifaa vya nyumbani kwa oda za mtandaoni. Usaili ulikuwa wa simu ya video, nikapita. Mkataba ni wa mwaka mmoja, miezi sita ya kwanza ni majaribio, na kazi naifanyia nyumbani. Napokea oda, nahakikisha malipo yameingia, namwelekeza kaka wa stoo afunge nini na mzigo uende kwa basi gani, halafu namjibu mteja anayeuliza mzigo wake umefika wapi. Mshahara si haba.

Kompyuta ilikuja na basi. Niliifuata stendi ya Msamvu ikiwa ndani ya boksi la blenda, juu wameandika jina langu na namba ya simu kwa maka peni. Mle ndani kulikuwa na kompyuta, chaja na karatasi yenye nywila tatu. Moja haikukubali kwa siku tisa. Barua hakuna, maelekezo hakuna. Nilipompigia bosi akasema, "Karibu sana dada, nitakuingiza kwenye magrupu, utaelewa tu." Siku hiyo hiyo nikaingizwa kwenye magrupu sita ya WhatsApp.

Dada niliyechukua nafasi yake alishaondoka. Aliacha faili moja la Excel lenye mistari zaidi ya elfu mbili, mingine ya njano, mingine kijani, mingine chungwa, mingine zambarau. Njano nimeshagundua ni mteja ambaye hajamaliza kulipa. Kijani ni mzigo uliopokelewa. Zambarau sijui mpaka leo. Nimeuliza kwenye grupu mara mbili. Mara ya kwanza hakuna aliyejibu, mara ya pili mtu akaweka imoji ya kucheka.

Oda zinaanza kuingia saa mbili asubuhi. Wateja wanapiga kwenye laini yangu mwenyewe, kuna anayepiga saa tano usiku kuuliza kama ndoo zipo za rangi ya waridi. Bando najinunulia. Umeme ukikatika nakwenda kuchajisha kwa fundi simu barabarani. Nikimuuliza bosi jambo, napata tiki mbili za bluu basi, au ananitumia sauti ya dakika nne akiwa anaendesha, nusu yake ni honi.

Na nyumbani nako, Anti. Mama si mtu mbaya, ila kwake kazi ni mtu kuvaa viatu na kutoka. Mimi nikikaa mbele ya kompyuta ananiambia, "Wewe si umekaa tu, nitazamie maharage." Juzi yaliungua nikiwa kwenye kikao, na kikao kizima kikamsikia mama anavyofoka. Wageni wakija anawaambia, "Yupo tu ndani."

Wiki iliyopita ndiyo ikawa balaa. Mteja wa Dodoma alilipia seti ya sufuria, wa Mwanza akalipia feni. Wote wawili wamejiandikisha kwa jina la Mama Neema. Nikabadilisha, sufuria zikaenda Mwanza na feni Dodoma. Bosi akaandika kwenye grupu lenye watu 34: "Hivi huyu amefundishwa kazi na nani?" Nikajibu, "Samahani bosi, haitajirudia," halafu nikaenda chooni nikafungua bomba mama asisikie nalia.

Tangu siku ile kila oda naikagua mara tatu, ndiyo maana saa hizi bado niko macho. Simu ikiita moyo unaruka. Nimeanza kudhani akili yangu imepungua. Kule dirishani, Anti, walikuwa wananiletea mimi wafanyakazi wapya niwaelekeze. Nini kimenipata? Niache kabla hawajaniachisha? Na nikimwambia bosi nimelemewa, si nitakuwa nimejichongea mwenyewe, na bado niko kwenye majaribio?

Binti wa Kihonda

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile swali la bosi wako, maana umelimeza kama tusi bila kulitazama. "Huyu amefundishwa kazi na nani?" Kuliuliza mbele ya watu 34 ni kukuvunjia heshima, na hapo simtetei. Lakini katika wiki zote nane, hakuna mtu wa kampuni hiyo aliyeuliza swali la maana kuliko hilo. Na jibu lake umeniandikia mimi badala ya kumwandikia yeye: hakuna. Uliletewa boksi la blenda.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipokabidhiwa kazi, sikupaona. Hapa kwetu hata mtunza stoo wa shule ya bweni akihamishwa, anaketi na anayekuja wanahesabu magodoro, majembe na masufuria, kisha wanasaini wote wawili. Mtendaji wa kijiji anakabidhi muhuri na madaftari. Konda mpya wa daladala haachiwi mlango siku ya kwanza, ananing'inia na mwenzake siku mbili tatu akisikiliza vituo vinavyoitwa na kujifunza abiria yupi ni wa kumwekea jicho. Wewe umepewa gari linatembea, abiria wamejaa, na konda wa zamani ameshashuka.

Umeniuliza nini kimekupata. Wale wapya waliokuwa wakiletwa kwako dirishani ulikuwa unawafanyaje? Sidhani kama uliwahi kuwapa somo. Walivuta kiti wakakaa nyuma yako. Walikuona unavyoinua noti unayoitilia shaka. Walisikia sauti unayotumia kwa mteja aliyechelewesha rejesho, na ile nyingine unayotumia kwa anayedanganya. Wakikwama uliwaona wamekunja uso, ukageuka kabla hawajauliza. Mimi nilipoanza kazi ya uandishi niliwekwa meza moja na mzee mmoja mhariri ambaye hakunifundisha hata siku moja. Alikuwa akibishana kwa simu na watu wa mtambo wa kuchapa, na nusu ya ninachokijua leo nilikiokota kwenye mabishano yale.

Kazi ya nyumbani imekukata huko. Hapo Kihonda anayeuona mgongo wako ni mama, naye anaona mtu aliyekaa. Bosi anaona nukta ya kijani kwamba uko hewani, na oda zinatoka. Hakuna hata mmoja wao anayeona kwamba umeukodolea macho mstari mmoja wa zambarau kwa dakika ishirini. Akili yako haijapungua. Imewekwa mahali ambapo haina wa kumtazama.

Sasa hilo la kumwambia umelemewa. Usimwambie hivyo. Neno lenyewe halina aibu, ila mtu aliye kwenye foleni na simu mkononi hawezi kulifanyia chochote. Atakwambia jitahidi, pole, utazoea. Mwambie kilichopungua, kwa idadi, na umwombe kitu kimoja kinachowezekana. Ningekuwa wewe ningeandika hivi, kwake peke yake, nje ya grupu, asubuhi mapema kabla siku haijamvuruga:

"Habari za asubuhi bosi. Wiki iliyopita uliuliza nimefundishwa kazi na nani. Kosa la mizigo ya Dodoma na Mwanza ni langu, na nimeshabadilisha utaratibu: stoo sasa nawatumia namba ya oda na tarakimu nne za mwisho za simu ya mteja, si jina. Ila ukweli ni kwamba sikupata makabidhiano kutoka kwa aliyenitangulia, na kuna mambo saba bado nayakisia. Orodha nimeambatanisha. Naomba dakika 30 Jumanne au Jumatano saa nne asubuhi, na wewe au na mtu utakayemteua. Nikishayapata nitayaandika yote ili hata mwingine akija yawepo."

Yale maneno "au na mtu utakayemteua" usiyafute. Mtu mwenye shughuli nyingi ukimpa mlango wa kumsukumia kazi mwingine, ataupitia haraka, na wewe shida yako si kuonana na bosi, ni kupata majibu. Kama ni saba au tisa hesabu mwenyewe, lakini usizidishe kumi. Na zambarau iwe namba moja. Natamani kujua na mimi. Inaweza kuwa mizigo iliyorudishwa, inaweza kuwa ndugu wa bosi wanaochukua kwa mkopo.

Kwenye mazungumzo hayo, mkishaelewana, mwambie kwa sauti ya kawaida: "Bosi, nikikosea naomba uniambie pembeni, nitarekebisha haraka zaidi." Basi. Usimhutubie kuhusu lile grupu.

Kuhusu kosa lenyewe, nikushauri kama mtu aliyesahihisha maandishi ya wengine miaka mingi. Kukagua mara tatu hakutakusaidia. Jicho likisoma "Mama Neema" mara ya kwanza likaridhika, la pili na la tatu linapita palepale limeridhika tayari. Nchi hii imejaa kina Mama Neema. Kinachozuia kosa ni kubadilisha kile unachokitazama, ndiyo maana nimekuandikia habari ya tarakimu nne za simu. Na zisomwe na mtu wa pili.

Mtu huyo unaye. Katika barua yako yote kaka wa stoo amepita mara moja tu, kama shimo unalotupia oda. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga mizigo enzi za yule dada wa rangi. Yeye ndiye anajua basi gani linapokea feni bila kelele na lipi linataka ifungwe na mbao. Mpigie, usimwandikie. Muulize habari za asubuhi, za kazi, za nyumbani, ndipo umwambie, "Kaka, mimi huku niko peke yangu, nisaidie jambo." Naapa atajua la zambarau kabla ya bosi. Kisha mkubaliane kwamba kabla ya kufunga mizigo ya mchana mnapigiana dakika tano, wewe unasoma namba, yeye anaitikia. Dakika hizo tano zingeokoa nauli ya sufuria mpaka Mwanza na kurudi.

Na yule dada aliyeondoka hajafa. Omba namba yake kwa huyo kaka, mtumie salamu na vocha ya elfu mbili, muulize rangi zake. Mambo ya kampuni usimchimbe, wala sababu ya kuondoka kwake usiiulize. Akitaka kusema atasema mwenyewe, na sikio lako litasikia.

Sasa masaa. Hapa nitakugombeza kidogo. Unamaliza saa saba usiku, saa mbili asubuhi umeanza tena, katikati ni masaa saba tu na humo humo ulale, uoge na umwogope bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, kuwe na mapumziko ya masaa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Lakini saa za ziada huwa zimekubaliwa na pande mbili. Hizi zako nani alikuagiza? Umejiagiza mwenyewe, gizani, kwa hofu. Na ubaya wake ni huu: bosi akiamka anakuta kila kitu kimekwisha, anajiambia kumbe kazi hii inamtosha mtu mmoja. Nyumba inaungua wewe unafukuza moshi kwa kanga majirani wasiuone.

Acha uonekane. Saa kumi na moja jioni mtumie bosi mistari miwili kila siku: zimeingia oda 41, zimetoka 33, nane ni za kesho, mbili zinasubiri jibu lako. Halafu funga kompyuta. Siku ya kwanza mkono utatetemeka. Kufikia wiki ya pili atakuwa ameona kwa macho yake kwamba kila siku kuna nane zinazobaki, na hapo mazungumzo ya kuongeza mtu au kupunguza kazi atayaanzisha yeye, au utayaanzisha wewe ukiwa na ushahidi.

Na hiyo laini yako ichomoe kwenye biashara ya watu. Omba laini ya kampuni, unayoizima ukimaliza kazi. Ukiulizwa sababu, unayo nzuri kuliko kulalamikia usingizi: majina, namba na anuani za wateja zimejaa kwenye simu yako binafsi, na tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Simu ikiibiwa Msamvu kesho, lawama zinaweza kuiangukia kampuni. Bando nalo liandike. Mwezi mmoja tu, kila ulilonunua na tarehe yake, kisha peleka hesabu. Ukiomba kwa mdomo utaambiwa tutaangalia.

Umesema uko majaribio, na nadhani hofu yako kubwa imelala hapo. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria hiyo niliyoitaja zinamtaka mwajiri, katika kipindi cha majaribio, amfuatilie mfanyakazi, akutane naye mara kwa mara kuzungumzia utendaji wake, na ampe mwongozo ukihitajika, mafunzo yakiwemo. Akiona haridhiki, amwambie wasiwasi wake, amsikilize, ampe na muda wa kujirekebisha. Kwa hiyo zile dakika 30 hujaomba fadhila. Umeomba kitu kilichotakiwa kiwepo tangu wiki ya kwanza.

Ila nisikudanganye. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri hana ule ulinzi kamili wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Ndiyo maana kanuni hizi nakupa uziweke mfukoni, usimtandike nazo mtu asubuhi ya kwanza. Zikupe mgongo ulionyooka ukiandika ule ujumbe, inatosha. Na tunza nakala ya kila unachomtumia. Siku ukiambiwa hukuwahi kuuliza, uwe na tarehe.

Uache? Usiache saa saba usiku ukiwa umekaa sakafuni. Miezi kumi na moja ya kukaa bila mshahara hujaisahau, na mimi sijaisahau kwa niaba yako. Tuma ujumbe. Wiki moja ikipita kimya, kumbusha, kwa upole uleule. Ikipita ya pili bila hata kuteuliwa mtu, ndipo uanze kutafuta kwingine taratibu huku mshahara unaingia. Akikutukana tena kwenye grupu baada ya kuombwa aseme pembeni, harakisha huko kutafuta. Nikisoma kati ya mistari, bosi wako simwoni kama katili. Namwona mtu ambaye biashara imemkua mikononi kuliko alivyojipanga, anaiendesha kwa sauti za dakika nne akiwa garini. Lakini nimesikia upande mmoja, na wewe ndiye unayemsikia sauti.

Moyo kuruka simu ikiita, usilichukulie kama udhaifu wa tabia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua uchovu wa namna hii kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa, si ugonjwa wenyewe. Ukianza kulala mapema na laini ikazimwa, mwili huwa unarudi. Usiporudi ndani ya wiki mbili tatu, au ukianza kuwaza kwamba bora usiwepo, usinisubiri mimi nijibu barua. Mwambie mama usiku huo huo, na asubuhi nenda hospitali ukamweleze daktari kama ulivyonieleza mimi.

Nimemtaja mama, na nilimwacha mwisho kwa kusudi kwa sababu kwake nina huruma zaidi. Mama anachosema kina mantiki. Maisha yake yote mtu anayekwenda kazini huondoka, na jioni hurudi. Sasa mpe kuondoka anakokujua. Asubuhi oga, vaa nguo ya kutokea na viatu, ubebe na pochi, toka mlango wa mbele. Msalimie jirani, nunua vocha kama ipo ya kununua, urudi uingie chumbani uning'inize kitenge mlangoni. Kitenge kikiwa mlangoni upo kazini. Kikitolewa upo nyumbani. Utajiona kichekesho siku mbili za kwanza, ya tatu hata wadogo zako watakuwa wanaulizana kitenge kipo au kimetoka. Saa saba mchana kitoe, ukae naye saa nzima bila simu, maharage yote ya dunia mtayachambua hapo. Sheria yenyewe inatoa saa moja ya mapumziko kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano, kwa hiyo huibi muda wa mtu.

Kisha Jumamosi jioni mkalishe mbele ya kompyuta. Anauza vitumbua, na muuza vitumbua hakosi daftari la madeni: nani kachukua vitano bila kulipa, nani kalipa nusu, nani wa kusamehewa kwa sababu kafiwa. Lifungue daftari lake upande mmoja na faili lako upande mwingine. Muoneshe wa njano, wale wanaodaiwa, muoneshe na wa kijani. Ataelewa kabla hujamaliza maneno, na pengine atakufundisha namna ya kumdai mtu bila kumpoteza. Akikuuliza zambarau ni kina nani, mwambie unasubiri jibu Jumatano saa nne.